Mihimili Mitatu, Kadi Moja

Tarehe 6 Januari 2022 aliyekuwa Spika wa Bunge, Job Ndugai, alijiuzulu. Nilikuwa nyumbani, likizo ya kidato cha sita, tunaangalia taarifa ya habari sebuleni. Baba alitikisa kichwa akasema neno moja tu: "Kashughulikiwa." Hakuna aliyemuuliza kashughulikiwa na nani. Sote tulijua.

Leo niko mwaka wa tatu wa sheria, na juzi nilikuwa naandaa mada ya semina kuhusu mgawanyo wa madaraka. Nikairudia ile taarifa ya Spika. Safari hii nilishtuka kwa jambo ambalo siku ile pale sebuleni lilinipita: taarifa ilisema barua ya kujiuzulu ameiwasilisha kwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi.

Hebu isome tena taratibu. Kiongozi wa mhimili mzima wa dola anaachia kiti, na anayetajwa kupokea barua ni mtendaji wa chama. Ibara ya 149 ya Katiba yetu inasema Spika akijiuzulu, taarifa yake inakwenda kwenye Bunge. Bunge ndilo lililomchagua, kwa hiyo ndilo la kuagwa. Lakini mzee wetu, aliyekaa bungeni miaka mingi na kuzijua kanuni kama kiganja chake, alijua mlango halisi wa kugonga ni upi.

Na kosa lake lilikuwa nini? Mwishoni mwa Desemba 2021, akiwa Dodoma, alihoji kasi ya serikali kukopa na kuonya kwamba tukiendelea hivyo nchi itakuja kupigwa mnada. Basi. Spika kuhoji mikopo ya serikali! Kwenye nchi yenye mgawanyo wa madaraka hiyo inaitwa kazi. Kwetu ilibidi aombe radhi hadharani tarehe 3 Januari, tarehe 4 akasemwa na Rais mbele ya taifa, na tarehe 6 akawa si Spika tena.

Naomba nisieleweke vibaya. Huyu hakuwa rafiki yetu. Ni chini ya kiti chake Tundu Lissu alivuliwa ubunge Juni 2019, mtu aliyekuwa nje ya nchi akitibiwa risasi. Ni chini ya kiti chake wabunge wa upinzani walitolewa nje mara zisizohesabika. Siandiki kumlilia. Nauchukua mfano wake kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko maspika wengi tuliowaona, nguvu zile alizitumia kuilinda serikali, na siku moja tu alipozielekeza upande wa pili akagundua kwamba hazikuwa zake. Alikuwa ameazimwa.

Hoja yangu leo ni moja. Tatizo letu si kwamba Katiba haikutaja mihimili mitatu. Imeitaja vizuri tu. Tatizo ni kamba moja iliyopitishwa kwenye mihimili yote. Ncha moja ya kamba hiyo ni kadi ya chama, ncha nyingine ni kalamu ya uteuzi, na mkono ulioshika ncha zote mbili ni mmoja. Na kabla hatujaanza kupiga makofi, niseme mapema: baadhi yetu huku upinzani tunaipenda kamba hiyo pia. Nitafika huko.

Mafiga yaliyoshikana

Wanaokumbuka kampeni za CCM wanaijua kaulimbiu ya "mafiga matatu": mpe kura Rais wetu, Mbunge wetu na Diwani wetu, chungu kikae sawa. Ni maneno matamu. Bibi yangu amepikia mafiga maisha yake yote, na hakuna asichokijua kuhusu mafiga. Kila figa linakaa peke yake. Linasimama mbali na mwenzake, linabeba uzito wake, na katikati panabaki nafasi ya moto na hewa. Ukiyasogeza mafiga matatu yakagusana, chungu kitakaa, ndiyo, lakini moto utakosa pa kuwaka. Utapika mpaka jioni na maharage hayatoiva.

Ibara ya 4 ya Katiba ya 1977 imeyapanga mafiga kwa nafasi: kuna vyombo vya utendaji, vyombo vya kutoa haki, na vyombo vya kutunga sheria na kusimamia shughuli za umma. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 107A inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho katika kutoa haki ni Mahakama. Kwenye mtihani ukiandika hivyo unapata maksi zako zote.

Sasa geuza kurasa uone jinsi mafiga yanavyosogezwa.

Ibara ya 55 inataka mawaziri wote na manaibu wao watoke miongoni mwa wabunge. Maana yake waziri asubuhi yuko ofisini anatekeleza, mchana yuko bungeni anajisimamia. Na yule mbunge wa nyuma ambaye hajapata uwaziri? Huyo ndiye wa kumwangalia zaidi, maana bado anautafuta. Jiweke kwenye viatu vyake: anayeweza kukupa gari lenye bendera ni yule yule unayetakiwa kumhoji kuhusu mabilioni. Utauliza swali gumu, au utaanza kwa kuipongeza serikali dakika tatu kati ya tano ulizopewa?

Ibara ya 66 inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge hadi kumi. Kumi wanaoingia kusimamia serikali kwa hisani ya mkuu wa serikali. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti yake. Na juu ya yote kuna ndugu wawili, Ibara ya 67 na Ibara ya 71. Wa kwanza anasema huwezi kugombea ubunge bila kuwa mwanachama wa chama na kupendekezwa nacho. Wa pili anasema ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka, ubunge wako umekwisha. Wananchi wako elfu hamsini waliopanga foleni juani hawaulizwi. Kikao cha chama kinatosha.

Ndiyo maana Katiba yetu ina Ibara ya 46A inayoliruhusu Bunge kumshtaki Rais, na Ibara ya 53A ya kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na hakuna kiongozi aliyewahi kuondolewa kwa ibara hizo. Meno yapo mdomoni, ila taya limefungwa kitambaa.

Siku ambazo moto uliwaka

Nisiwe mchoyo. Kuna nyakati Bunge hili hili, kwa Katiba hii hii, lilifanya kazi. Februari 2008 kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe wa upinzani, ilileta bungeni sakata la fedha za akaunti ya Escrow. Ndani ya miezi michache Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, Waziri wa Ardhi akaondolewa, Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu.

Kwa nini iliwezekana? Hii ndiyo sehemu ninayotaka vijana wenzangu tuitafakari, maana ndiyo inayotuonyesha nini kilikuja kuuawa.

Kwanza, kulikuwa na upinzani wa kutosha ndani ya ukumbi, na kamati za hesabu ziliongozwa na wapinzani. Pili, kulikuwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, ambaye ripoti yake ilikuwa na uzito. Tatu, tulikuwa tunaona. Watu walijazana kwenye vibanda vya kahawa na saluni kuangalia Bunge kama mechi ya Simba na Yanga. Nne, chama tawala chenyewe kilikuwa na makundi yanayoviziana, kwa hiyo mbunge wa CCM aliyeuliza swali gumu alikuwa na kundi la kumkinga.

Sasa angalia kilichofuata, moja baada ya jingine.

Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kwenye televisheni ya taifa yalisitishwa. Tuliambiwa ni gharama. Kibanda cha kahawa kikarudi kwenye tamthilia.

Kisha ikaja zamu ya CAG. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, akihojiwa Marekani na idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa, alisema ripoti zake hazifanyiwi kazi ipasavyo na kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Neno lile moja, udhaifu, likawasha moto. Januari 2019 aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Jamani, chombo cha kusimamia serikali kinakataa kufanya kazi na mkaguzi wa serikali! Ni kama mwenye duka anayemfukuza mlinzi kwa sababu amesema kufuli ni bovu.

Novemba mwaka huo huo Rais akateua CAG mwingine. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba miaka mitano ya Assad imeisha. Lakini Ibara ya 144 ya Katiba inamlinda CAG hadi umri wa kustaafu, na kumwondoa kabla ya hapo kunahitaji tume maalumu ya uchunguzi. Kilichotumika ni kifungu cha sheria ya kawaida. Zitto Kabwe akaenda mahakamani, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kule kulikuwa kinyume na Katiba. Hongera kwa majaji. Ila hesabu mwenyewe: miaka mitatu baadaye. Assad alikuwa ameshakwenda na shughuli zake, na kiti kilikuwa na mtu mwingine. Haki ilifika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka.

Na kama ulidhani hapo mwisho, uchaguzi wa 2020 ukalibakiza Bunge na wapinzani wa majimbo wasiofika kumi. Sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu zikawa zimekufa. Ya nne, ile ya makundi ndani ya chama chao, nayo ikazikwa Januari 2022 kwa barua niliyoanza nayo.

Kesi iliyozunguka miaka ishirini

Watu wananiambia, "Dada, mbona Mahakama ipo? Nendeni mahakamani." Sawa. Ngoja niwasimulie kesi moja. Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaisoma, ila nina hakika wengi mtaani hawaijui, na ndiyo kesi inayonifanya niandike makala haya.

Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa na hoja rahisi: Mtanzania ana haki ya kushiriki kuongoza nchi yake, na haki hiyo haipaswi kupitia kwenye mlango wa chama. Anataka mgombea binafsi aruhusiwe. Oktoba 1994, Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira, ikakubaliana naye.

Serikali ilifanya nini? Kabla mwaka haujaisha, muswada wa marekebisho ya kumi na moja ya Katiba ukapitishwa bungeni, na haki ya Ibara ya 21 ikafungiwa rasmi kwenye sharti la chama. Yaani refa amepuliza penalti, na timu iliyocheza rafu ikaenda ofisini kubadilisha sheria za mpira. Na kumbuka waliopiga kura ile ni nani: wabunge ambao kila mmoja ubunge wake ulining'inia kwenye kadi. Unategemea wakate kamba inayowashikilia wakati mwenye kamba anawatazama?

Mtikila hakuchoka. Akarudi. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Rufani ikiwa na majaji saba ikatengua. Ilisema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, siyo la kimahakama, kwa hiyo likaamuliwe na Bunge.

Unaona mzunguko? Mahakama Kuu inasema ni haki. Bunge linaifunga kwa sababu serikali inataka. Mahakama ya juu inasema mrudieni Bunge. Mwananchi anazungushwa kama faili la mirathi, dirisha namba moja hadi namba tatu, na kila dirisha linamwambia aende kwa mwenzake.

Mtikila akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ile ikatamka kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika, na ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake. Tulishinda! Ila Ibara ya 67 iko pale pale mpaka leo. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, hajawahi kuona karatasi ya kura yenye mgombea asiye na chama. Na Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile, mahakama ambayo iko hapa hapa kwenye ardhi yetu. Mwaka uliofuata Bunge likabadilisha pia Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, kwamba anayefungua kesi ya haki za msingi aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Milango miwili, ndani ya miezi isiyofika kumi.

Sisemi majaji wetu ni waoga. Lugakingira hakuwa mwoga, wala wale watatu wa 2006, wala waliosema ukweli kuhusu Assad. Nasema mfumo unawataka wawe mashujaa ili wafanye kazi ya kawaida. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na wajumbe wa tume hiyo wote, kwa njia moja au nyingine, wamefika pale kwa kalamu ya Rais. Mwaka 2017 tulikaa na Kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari hadi Septemba, na yule yule ndiye aliyekuja kuthibitishwa. Simtilii shaka mtu. Nauliza tu: kwa miezi yote ile, kiongozi wa mhimili alikuwa kwenye majaribio ya nani? Na mwaka 2023 Jaji Mkuu alipotimiza miaka 65 ya kustaafu, aliyeamua aendelee ni Rais. Katiba inaruhusu. Na hilo ndilo linalonisumbua: mambo mengi yanayotuumiza, Katiba inaruhusu.

Tujitazame na sisi

Sasa nifike nilikoahidi. Najua humu kuna watakaonuna.

Julai 2017 uongozi wa CUF upande wa Profesa Lipumba uliwafukuza uanachama wabunge wanane wa viti maalumu, wanawake wote. Ndani ya siku chache Spika akatangaza viti viko wazi. Ibara ya 71, kwisha habari. Novemba 2020 CHADEMA ikawavua uanachama wabunge kumi na tisa wa viti maalumu. Spika yule yule, Ibara ile ile. Safari hii akawakingia kifua, na wakaendelea kukaa bungeni.

Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu wale kumi na tisa. Mimi ninayo yangu na si mazuri. Lakini kama mwanafunzi wa sheria natazama hayo matukio mawili na kuona jambo moja. Kifungu kinachompa chama uwezo wa kumng'oa mbunge kinamwumiza mpinzani pale serikali inapotaka, na kinalala pale serikali isipotaka. Ni panga ambalo mpini wake hatukuushika hata siku moja. Halafu baadhi ya viongozi wetu bado wanalitetea!

Nimewahi kumsikia mkubwa mmoja kwenye kikao cha vijana akisema, "Bila Ibara ya 71 wabunge wetu watanunuliwa wote." Nikamuuliza kwa heshima zote: mzee, kati ya 2017 na 2019 wangapi walihama "kuunga mkono juhudi", wakajiuzulu na kugombea tena jimbo lile lile kwa kadi ya kijani? Ibara ya 71 ilikuwepo. Ilimzuia nani?

Pendekezo langu ni kutofautisha mambo mawili tuliyoyachanganya. Mbunge anayehama kwa hiari yake kwenda chama kingine, huyo arudi kwa wananchi, kwa sababu amebadilisha mkataba aliowauzia. Lakini mbunge anayefukuzwa na chama kwa sababu amekataa kusema "ndiyo", abaki bungeni mpaka wananchi wamhukumu. Hiyo itatuuma na sisi. Siku tukiwa madarakani, kuna mbunge wetu atasimama kuihoji serikali yetu na hatutakuwa na kamba ya kumvuta. Vizuri sana. Kama wazo hilo linakukosesha usingizi, basi hukuwa unataka mabadiliko, ulikuwa unataka zamu.

Tunadai nini

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 2013 baada ya kukusanya maoni nchi nzima, ilikuwa imeshasogeza mafiga yakae mbali. Mawaziri wasiwe wabunge. Mgombea binafsi aruhusiwe. Wananchi waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano. Matokeo ya urais yahojiwe mahakamani, tofauti na Ibara ya 41 ya sasa inayofunga mlango huo kabisa. Wananchi walisema. Bunge Maalumu la 2014 likaichana vipande, wenzetu wa UKAWA wakatoka nje, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Tusiseme haiwezekani. Majirani zetu Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, mawaziri hawatoki bungeni, mgombea binafsi yupo kwenye karatasi, na Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta matokeo ya urais. Wana matatizo yao, na vijana wenzetu kule wanayapigania kwa damu. Lakini walianza kwa kukata kamba.

Kwa hiyo tunapodai Katiba Mpya, tusiishie kwenye fulana na hashtagi. Tuwe na vitu vya kutaja kwa namba:

1. Mawaziri watoke nje ya Bunge na wathibitishwe na Bunge.
2. Mgombea binafsi aruhusiwe, na Ibara ya 71 irekebishwe kama nilivyoeleza.
3. Jaji Mkuu, majaji na CAG wapatikane kwa usaili wa wazi, na uthibitisho wa Bunge.
4. Matokeo ya urais yahojiwe mahakamani kama matokeo mengine.
5. Matangazo ya Bunge yarudi mbashara, kwa sheria, siyo kwa hisani.

Na wakati tunadai, kuna kazi ndogo ndogo ambazo hazisubiri Katiba Mpya. Katiba ya sasa iko kwa Kiswahili. Isome Ibara ya 62 hadi 101, ni jioni mbili tu. Taarifa rasmi za Bunge zimewekwa mtandaoni. Tafuta jina la mbunge wako uone aliuliza nini mwaka mzima, halafu mpigie. Ripoti ya CAG ikitoka mwezi wa nne, chukua ukurasa unaohusu halmashauri yako, nenda nao kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Kamati za Bunge zikiita maoni kuhusu muswada, andikeni, hata ukurasa mmoja.

La mwisho, tuanzie nyumbani. Kwenye tawi lako la vijana, anayeshika fedha na anayezikagua ni watu wawili au mmoja? Mwenyekiti akikosea, kuna kikao kinachoweza kumwambia bila kuogopa kuondolewa kwenye orodha ya wagombea? Kama jibu ni hapana, basi tunajifunzia utawala ule ule tunaoulalamikia, kwa rangi nyingine.

Baba alisema "kashughulikiwa", na nyumba nzima ilielewa bila maelezo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba tumeizoea kamba mpaka tunaijua gizani. Nataka siku moja Spika wa nchi hii, awe wa chama chao au wa chetu, ahoji deni la taifa Jumatatu, na Jumanne aamke akaendelee na kikao.